Mabalozi Wawili Juu ya Barafu

Severin Bruhn alikuwa mtu wa viti. Aliingia wizarani Kopenhagen akiwa kijana, akapewa kiti, na tangu hapo hakuinuka ila kwenda kula. Umri ulipomfikisha hamsini na mbili alikuwa na kitambi cha heshima, vyumba viwili vya kupanga, paka mmoja mnene, na sifa moja ambayo wakubwa wake waliipenda mno: alijua kunyamaza kwa lugha nne.

Ndiyo maana walimfanya katibu wa Mkutano wa Bulgaria. Kiti cha utawala wa nchi ile kilikuwa kimebaki wazi. Urusi ilikuwa na mtu wake wa kumkalisha pale, na Austria ilikuwa na wake. Nyuma ya Austria alisimama Mjerumani, nyuma ya Urusi alisimama Mfaransa, na kila mmoja mkono wake ulikuwa kwenye mpini wa upanga. Wakaona waitane Kopenhagen, kwa watu wasio na ugomvi na yeyote, wayamalize kwa maneno. Walianza majani yakipukutika. Theluji ikaanguka, Krismasi ikaja ikapita, mwaka wa 1888 ukaingia, na bado walikuwa wanazungumza, wanakula, wanazungumza tena.

Kisha asubuhi moja mjumbe wa Urusi, Jenerali Arseny Velyaminov, akasema mtu wa Austria ni punda aliyevishwa nishani. Mjumbe wa Austria, Baroni Ottokar von Trattnig, akafunga mkoba wake polepole. Akasema punda wa Austria wana nasaba bora kuliko farasi wa Urusi, akatoka. Mkutano ukafia hapo. Siku ile ile treni za askari zikaanza kusogea mipakani.

Bruhn aliyaandika hayo yote kwa mwandiko mzuri. Muda wote wa mkutano alikuwa hajatamka lolote zaidi ya "Naam, Mheshimiwa," na sasa alijiona kama mtu aliyetazama chungu kikifurika huku mikono yake iko mfukoni.

Aibu hiyo ilikuwa haijapoa alipoitwa na mkuu wake.

"Bruhn, utawasindikiza wajumbe wawili hadi ng'ambo ya mlango wa bahari wa Belt. Bahari ya Baltiki imeganda, hakuna meli. Baroni atapanda treni aende Vienna. Jenerali atakwenda Esbjerg kutafuta meli ya Ufaransa."

"Wote wawili pamoja, Bwana Mkubwa? Si waende siku tofauti?"

"Nimewaambia. Kila mmoja anakataa kuwa wa pili kuondoka."

*

Bandarini Korsør, meli za kuvusha watu zilikuwa zimenaswa kwenye barafu kama nzi kwenye lami. Zilizobaki ni mashua za barafu, zile zenye chuma chini ya tumbo, ambazo watu huzikokota kwa mikanda, na barafu ikikatika wote huzirukia na kupiga makasia. Msimamizi wake alikuwa Jep Munk, mtu mfupi mwenye ndevu zilizoganda kama fagio lililosahauliwa nje.

"Mabwana hawa wamelipiwa nauli ya juu," Bruhn akamwambia. "Wao watakaa ndani ya mashua."

Jep akawatazama. Baroni alikuwa mrefu na mwembamba, amekumbatia mto wake mwenyewe wa kulalia. Jenerali alikuwa mpana kama kabati, amevaa koti la manyoya lililofika chini.

"Wiki iliyopita ingewezekana," Jep akasema. "Barafu ya leo haisomi tiketi, baba. Leo ndani ya mashua inakaa mizigo tu, na mama mjamzito akiwepo. Yupo mjamzito?" Macho yake yakatua kwenye tumbo la Bruhn.

"Hayupo," Bruhn akajibu.

"Basi shikeni mikanda."

Baroni alipotafsiriwa alisimama wima. "Mimi ni mjumbe wa Kaisari. Mimi si mnyama wa kukokota."

"Jana ulisifia punda wa Austria," Jenerali akasema. "Leo tuonyeshe!"

Wakakubali kuvuta kwa sharti moja: mmoja akae kulia kwa mashua na mwingine kushoto, wasionane. Bruhn akawekwa nyuma kusukuma, na kabla hawajafika mbali akagundua kwamba moyo wake ulikuwa unapiga mahali ambapo hakujua kuna moyo.

Katikati ya safari upepo ukageuka. Theluji ikaja kwa ubavu, nzito, hata Jep aliyekuwa mbele akawa kivuli tu. Halafu ukasikika mlio kama wa shuka linalochanika, na Jenerali akazama hadi makwapani.

Aliyekuwa karibu naye ni Baroni, kwa kuwa theluji ilikuwa imewachanganya pande. Bruhn aliona kwa macho yake yule mtu mwembamba akiutupa mto wake, akijibwaga kifudifudi juu ya barafu, na kudaka ukosi wa lile koti la manyoya kwa mikono miwili. Akamshikilia hivyo, huku anatukana kwa Kijerumani, mpaka wapiga makasia wa Jep walipofika na kamba.

Walipomtoa Jenerali, meno yalikuwa yanagongana. "Ba-Baroni. Umeniokoa."

"Nilishika koti," Baroni akasema, akifuta miwani yake. "Sikujua ndani kuna nani."

"Ni koti zuri."

"Ni koti zuri sana."

Hawakuwa na njia ya kusonga mbele wala kurudi. Jep akageuza mashua kuelekea Sprogø, kisiwa kidogo kilichokaa katikati ya Belt, chenye mnara wa taa, kondoo wachache, na nyumba ya kuwahifadhi wasafiri waliokwama.

*

Aliyeufungua mlango wa nyumba ile alikuwa Dorthea Juhl, mjane wa rubani wa meli, umri wake arobaini na kitu, mikono ya gauni imekunjwa hadi viwiko. Kaka yake Laurits aliangalia taa. Yeye aliangalia kila kitu kingine.

"Munk, umeniletea watu au misukule?"

"Wakubwa wa serikali, dada."

"Bora ungeleta misukule. Hao hawali nyama." Papo hapo akawa amemkamata Jenerali kwa mkono, amemkalisha karibu na jiko, anamvua viatu. Alimsugua miguu kwa kitambaa cha sufu mpaka Jenerali akalia kama ndama. "Vidole vitapona, baba. Ila punguza kelele, kondoo wangu wana mimba."

Bruhn akatafsiri. Jenerali akapunguza kelele.

Waliamka siku ya pili wakakuta theluji imefika madirishani, na upepo bado uko kazini. Dorthea akawapanga jikoni kama mwalimu.

"Anayekula hapa anafanya kazi. Wanaume wa Munk wanatengeneza mashua, ubao umepasuka. Laurits yuko kwenye taa. Nani anajua kumenya viazi?"

Bruhn akanyoosha mkono, maana aliishi bila mke.

"Vizuri. Hawa wawili wapasue kuni. Nyuma ya ghala kuna magogo ya meli iliyovunjika. Msumeno uko ukutani."

Ulikuwa msumeno mrefu wa watu wawili, wenye mpini huku na mpini kule. Baroni akashika upande mmoja. Jenerali, miguu yake ndani ya buti za sufu alizoazimwa, akashika upande wa pili. Kila mmoja akausukuma kwa mwenzake kwa nguvu zote, msumeno ukapinda katikati ukaruka na kutoa sauti ya kilio. Wakajaribu tena. Baroni akasema Warusi hawajui kazi. Jenerali akasema Waaustria hawajui hata kazi ni kitu gani.

Dorthea akachungulia mlangoni. "Msisukume, nyie! Mtu anavuta tu! Ukishavuta, muachie mwenzako naye avute! Ni watoto?"

Wote wawili wakamgeukia Bruhn.

"Bibi anapendekeza," Bruhn akasema kwa Kifaransa, "kwamba waheshimiwa wavute kwa zamu."

"Amesema 'anapendekeza'?" Baroni akauliza.

"Hapana."

Wakavuta kwa zamu. Unga wa mbao ukaanza kumwagika juu ya theluji, gogo la kwanza likaanguka, likafuata la pili. Kufikia chakula cha mchana Jenerali alikuwa anaimba wimbo wa kwao kwa kufuata mwendo wa msumeno, na Baroni, ambaye hakuweza kuvumilia, alikuwa anamsahihisha sauti.

Walikula supu nzito ya njegere za njano na nyama ya chumvi, na mkate mweusi pembeni. Jenerali alikula mpaka tako la sufuria likaonekana. Baroni, aliyekuwa akiacha nusu ya sahani kwenye karamu za mfalme, alipangusa bakuli lake kwa mkate, akatazama dirishani kana kwamba si yeye aliyefanya hivyo.

Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda. Kuni asubuhi, mchana wote waliketi kuzunguka jiko, Bruhn na viazi vyake, wengine wakikausha soksi.

"Baroni," Jenerali akasema mchana mmoja, "nakuomba radhi. Mtu wako si punda. Punda nimewajua vitani. Punda hufanya kazi."

Baroni akakunja soksi yake.

"Kabla ya Krismasi," akasema hatimaye, "mtu wangu aliniuliza kama Bulgaria ina bahari."

Jenerali akapiga paja. "Wangu anaijua bahari vizuri! Amefukuzwa katika kila hoteli ya ufukweni!"

Wakacheka mpaka Jenerali akakohoa. Walipotulia, Jenerali akafuta machozi na kusema, "Sasa tazama. Tutapigana kwa ajili ya hao."

"Wabulgaria wenyewe wanamtaka nani?"

Wote wakamtazama Bruhn, na Bruhn akajitazama pia, maana ilikuwa sauti yake. Kisu kilikuwa mkono mmoja na kiazi mkono mwingine.

"Bwana Bruhn," Baroni akasema taratibu, "tumekaa meza moja tangu majani yalipokuwa mtini. Kwa nini hukuuliza?"

"Sikuwa na ruhusa, Mheshimiwa."

"Na hapa nani kakuruhusu?" Jenerali akauliza.

Bruhn akakifikiria kiazi. "Hakuna aliyenikataza."

*

Wakakaa kitako. Jambo lililoshindikana kwenye ukumbi wenye taa za vioo lilikwenda haraka jikoni kwa Dorthea: Wabulgaria wakutane katika baraza lao wachague mtawala wao wenyewe, Urusi na Austria wamtambue yeyote atakayechaguliwa, majeshi yarudi kambini. Bruhn akaandika. Baroni akarekebisha mkato mmoja. Jenerali akataka iongezwe sentensi kuhusu urafiki, wakamkatalia, akanuna kidogo, wakaiongeza.

Anga ilipofunguka, Jep na vijana wake wakaburuta mashua tupu hadi Nyborg, mji wa ng'ambo, wakiwa na telegramu mbili, moja ya Vienna na moja ya Petersburg.

Waliobaki kisiwani wakangoja kwa furaha kama watu wanaongoja mtoto azaliwe. Jenerali alimfundisha Baroni kuteleza juu ya barafu. Baroni alianguka kwa heshima, akainuka kwa heshima. Dorthea alimpandisha Bruhn juu ya mnara wa taa watazame kama mashua inarudi. Alifika juu akitweta, akashika chuma cha ukingo, na mbele yake barafu ilikuwa nyeupe pande zote, ikimetameta, na mji wa Nyborg mbali kama vumbi.

"Una mke, Bwana Bruhn?"

"Nina paka."

"Anakungoja?"

"Anamngoja mama mwenye nyumba. Ndiye anayemlisha."

Dorthea akacheka, kicheko kizito cha kutoka tumboni. Bruhn hakukumbuka mara ya mwisho alipomchekesha mwanamke. Akatafuta neno la pili la kumchekesha, katika lugha zote nne, asilipate. Ila hakuona haya, na wakaendelea kusimama pale mpaka baridi ilipowafukuza.

Jep alirudi hakucheka na mtu. Telegramu ya Vienna ilikuwa na maneno machache: mazungumzo yamekwisha, rudi nyumbani. Ya Petersburg ilikuwa ndefu. Jenerali, kwa ukweli wake uliopitiliza, alikuwa ameandika kwamba muafaka ulipatikana baada ya kazi ya kuni. Nao walimjibu kwamba mjumbe wa Urusi hakutumwa kupasua kuni.

"Halafu wanasema kule Nyborg," Jep akaongeza huku akikunja kofia yake mikononi, "bunduki zimeshalia. Mpakani mwao, Galicia. Tangu jana."

Jenerali akavua kofia. Baroni alitoka nje bila koti, akaenda kukaa juu ya magogo nyuma ya ghala, na aliporudi masikio yake yalikuwa mekundu.

Mezani supu ilipoa. Jenerali alisema ana wana wawili katika kikosi kimoja. Baroni alisema hana mwana. Ana mtoto wa kaka yake, Felix, aliyemlea tangu baba yake alipopotea.

"Alipotea wapi?"

"Königgrätz, vitani na Waprusia. Kaka yangu alijeruhiwa, adui wakamchukua. Mpaka hapo tunajua. Alilazwa wapi, alikufa lini, nani alimfunika, hatukuambiwa. Mama yangu alihamishia kiti chake dirishani, akakaa hapo mpaka alipokufa yeye."

"Watu wa namna hiyo mimi niliwaona vitani Plevna," Jenerali akasema. "Waturuki na wa kwetu, wamelala pamoja kwenye tope, hakuna wa kuwarudisha kwao. Niliwaona, nikapita na farasi wangu. Nilikuwa na amri ya kupita."

Dorthea akamgusa Bruhn kiwiko. "Wanasema nini?"

Bruhn akamtafsiria yote kwa sauti ya chini. Dorthea alisikiliza, akajifuta macho kwa aproni, kisha akamkazia uso.

"Na wewe? Kutwa unasema maneno ya wenzako. Wewe mwenyewe unasemaje?"

Bruhn akaweka kijiko. Alijua anachotaka kusema. Kilikuwa kimemkaa kooni tangu Baroni alipotaja dirisha. Akasimama, ingawa hakukuwa na haja ya kusimama.

"Waheshimiwa, amani wameikataa. Majeruhi hawajawakataa, kwa sababu hakuna aliyewaomba. Nyinyi bado ni wajumbe, na mamlaka yenu ni halali mpaka mfike kwenu. Tuandike hivi: majeruhi yeyote aliyetekwa na hawezi tena kupigana, aletwe Denmark, abadilishwe hapa, arudi kwa mama yake. Na jina lake liandikwe, hata kama amekufa njiani. Basi. Haya si mapatano ya amani. Ni treni tu."

"Watakataa," Jenerali akasema.

"Watakubali. Haiwapunguzii heshima wala ardhi. Watadhani ni jambo dogo." Bruhn akamgeukia Jenerali. "Na safari hii, Jenerali, usiandike habari za kuni."

Baroni akasogeza mshumaa karibu. Walibishana mno, kwa sababu wote wawili walikuwa na uchungu na uchungu unatafuta pa kutokea. Walipoanza kupaza sauti kuhusu nani aitwe afisa na nani askari, Bruhn akachukua upawa wa supu akagonga meza.

"Jenerali, kaa. Ni zamu ya Baroni."

Jenerali akakaa. Dorthea, aliyekuwa anaosha vyombo, hakuelewa neno hata moja la Kifaransa, lakini aligeuka akautazama ule upawa, kisha akamtazama aliyeushika, na akachelewa kurudi kwenye vyombo.

Jep akavuka tena. Majibu yalikuja haraka kuliko yale ya kwanza: Vienna, sawa; Petersburg, sawa. Walikuwa na mambo makubwa ya kufanya.

*

Siku ya kuondoka kisiwani wajumbe walivuta mashua wakiwa upande mmoja, bega kwa bega, na Bruhn nyuma akisukuma. Nyborg kulikuwa na treni mbili. Baroni alimwinamia Jenerali, akampa mkono.

"Nakuombea mshindwe vibaya," Jenerali akasema.

"Nami nakuombea hivyo hivyo. Bila maumivu."

Jenerali akamvuta, akambusu shavu hili na lile. Baroni alivumilia.

Vita vilikuwa vikubwa, na mtu asidanganywe kwamba yale ya kisiwani yalivizuia hata kwa saa moja. Nyanda za Poland zilikanyagwa, kingo za Rhine ziliungua, na viti vingi vilihamishiwa madirishani kati ya Ural na Atlantiki. Lakini majira ya kuchipua yalipofika, treni ya kwanza ya majeruhi iliingia Nyborg, na Severin Bruhn alikuwa amesimama jukwaani, maana wizara ilimtafuta mtu wa kuisimamia kazi hiyo na hakuna mwingine aliyeitaka.

Wanawake wa Fyn, kisiwa chenye mji huo, walikuja na birika za kahawa na maandazi yenye mdalasini. Walishuka watu wa magongo, watu wa bendeji, watu walioongozwa mkono. Wengine walishuka wanaimba. Mrusi mmoja asiye na mkono wa kushoto alimwomba Mwaustria asiye na wa kulia amsaidie kuwasha kiko, wakafanikiwa baada ya kuunguza ndevu. Bruhn alikimbia huku na huko akiita majina, na kile kitambi chake cha heshima kikaanza kuyeyuka bila mwenyewe kujua.

Mwezi Julai Baroni akaja kupokea watu wa kwao. Mabehewa yalipofunguliwa, kijana mmoja mwenye mguu mmoja akapiga kelele, "Mjomba!" Alikuwa Felix. Hakuwa mtoto wa dada wa Baroni, bali wa kaka, lakini ndivyo alivyozoea kumwita tangu utotoni. Kifuani alikuwa amebandikwa kikaratasi chenye mwandiko mkubwa wa Jenerali Velyaminov: huyu asafiri wa kwanza, na apewe supu. Baroni alimshika kijana mabega, akamgeuza huku na kule kama anayenunua farasi, kisha akamkumbatia mbele ya watu wote, na miwani yake ikaanguka ikavunjika, na hakuiokota.

Kazi ile ilimlazimu Bruhn kuvuka Belt mara kwa mara. Meli zilikuwa hazisimami Sprogø, kwa hiyo alimwomba Jep ampeleke kwa mashua. Mara alikwenda kukagua nyumba ya wasafiri, mara kupeleka machungwa, mara kuona kama kuni zinatosha.

"Bwana Bruhn," Jep akamuuliza katikati ya Agosti, jasho linamtiririka, "hizo kuni zitaisha lini kukaguliwa?"

"Leo," Bruhn akasema.

Alimkuta Dorthea anakata kondoo manyoya. Alisimama mbele yake na kofia mkononi. Alikuwa ameandaa hotuba nzuri, na hotuba ikamkimbia.

"Sema," Dorthea akamwambia, bila kumwachia kondoo. "Una uso wa mtu mwenye jambo."

"Nina cheo kidogo. Nina umri mkubwa. Na nina paka."

"Paka na ndege wangu wa baharini hawatapatana."

"Nitamwacha mjini."

"Nani kakwambia umwache? Mlete. Atawazoea, au watamzoea." Kondoo akamponyoka, nusu uchi, akakimbilia mlimani. "Tazama sasa umenifanya nini! Usisimame hapo kama mlingoti, Severin, mkamate!"

Akamkamata, baada ya kuanguka mara nyingi.

Vita vilikwisha kabla theluji ya pili haijatulia. Wakubwa wa Ulaya walikutana Lisbon, kwa bendi na maua, wakaafikiana kwamba Wabulgaria wachague mtawala wao wenyewe. Severin alimsomea Dorthea gazeti jikoni.

"Si ndiyo yale yenu?" Dorthea akauliza.

"Ndiyo yale yale. Wameondoa sentensi ya urafiki tu."

"Sasa watu wote wale wamekufa kwa ajili gani?"

Severin akalikunja gazeti, akaliweka chini. Dorthea akamwekea mkono begani. Wakakaa hivyo mpaka maziwa yalipofurika jikoni, wakaruka wote wawili.

Harusi ilikuwa Nyborg, miti ya tufaha ikichanua. Wajumbe wale wawili walifika na treni moja, behewa moja, na walikuwa wamegombana njia nzima kuhusu nani atatoa hotuba ya kwanza. Waligombana kanisani, wakagombana mlangoni pa ukumbi, na Felix mwenye gongo lake akakaa katikati yao kuwatenganisha. Kabla hawajaafikiana, Laurits mlinzi wa taa, ambaye ndugu zake wenyewe walikuwa hawajawahi kumsikia akisema mbele za watu, alisimama na gilasi.

"Kuna nyama," akasema. "Kuna ngoma. Dada yangu amefurahi." Akakaa.

Jenerali akalia kwa sauti. Baroni akampa leso yake, akamwambia airudishe ikiwa imefuliwa.